Takwimu za ajali Dar es Salaam zitutajie mahali, zisiishie kwenye idadi

Ndugu Mhariri,

Kila Desemba inapoelekea ukingoni, magazeti yetu, hili lako likiwamo, huchapisha habari ya aina moja: ajali za barabarani kwa mwaka unaomalizika zimepungua au zimeongezeka kwa asilimia kadhaa, waliopoteza maisha ni kadhaa, na chanzo kikubwa ni uzembe wa madereva. Nilikuwa karani wa takwimu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mazoea ya kazi ile hayajaniacha. Nikikutana na habari ya namna hiyo, kabla sijafurahi wala kuhuzunika, hujiuliza kwanza hesabu yenyewe imepatikanaje. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze kwa nini naona tarakimu hizo, kwa jinsi zinavyotufikia sasa, haziwezi kutujulisha iwapo barabara za Dar es Salaam ni salama kuliko zilivyokuwa mwaka jana.

Nianze na hesabu za nchi nzima, kwa kuwa ndizo zinazotangazwa zaidi. Mwaka 2016 Jeshi la Polisi liliandikisha vifo 3,256 vilivyotokana na ajali za barabarani. Katika salamu zake za kuukaribisha mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba mwaka 2024 zilitokea ajali 1,735 na watu 1,715 wakapoteza maisha. Msomaji wa haraka ataona kwamba vifo vimepungua kwa karibu nusu ndani ya miaka minane, na siwezi kusema kwamba upungufu huo wote ni wa karatasi, maana sisi tuliokuwa tukisafiri miaka ile tunakumbuka jinsi tochi za trafiki za kupimia kasi zilivyoenea na jinsi hata madereva wakorofi walivyojifunza kuviheshimu vibao vya 50. Lakini naomba zitazamwe zile tarakimu mbili za 2024 zikiwa zimewekwa bega kwa bega: ajali 1,735, vifo 1,715. Ni kama kifo kimoja kwa kila ajali. Mwaka 2016 ajali zilizoandikishwa zilikuwa karibu 10,000, kwa hiyo wakati ule kilihesabiwa kifo kimoja katika kila ajali tatu hivi.

Sidhani kama kuna anayeamini kwamba ajali ya leo inaua mara tatu zaidi ya ajali ya 2016. Maelezo ninayoyaona kuwa ya karibu zaidi ni kwamba ajali zisizoua, yaani zile za kuvunjika mguu, kupasuka kichwa, kulazwa wiki mbili na kurudi nyumbani na magongo, zimezidi kuachwa nje ya daftari, na kwamba kinachotangazwa kama idadi ya ajali kinakaribia kuwa idadi ya ajali zilizoua tu. Kama ndivyo, basi kulinganisha ajali za mwaka mmoja na za mwingine ni sawa na kulinganisha mavuno ya misimu miwili iliyopimwa kwa vibaba viwili tofauti.

Namna ajali inavyotoka nje ya daftari si siri kwa mkazi yeyote wa jiji hili. Jirani yangu, mama wa makamo anayeuza vitumbua asubuhi, aligongwa na bodaboda alipokuwa akivuka kwenda kituoni. Wapita njia wakampakia kwenye bajaji na kumfikisha kituo cha afya cha karibu, kijana wa bodaboda akafuatana nao huku akilia, ndugu wa pande zote mbili wakakutana jioni, fedha ya matibabu ikatolewa kwa awamu, wakamalizana. Hakuna aliyekwenda polisi kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, na wala sioni kama mama yule alikosea, kwa kuwa alihitaji fedha ya dawa wiki ile ile, na kesi ingemchukulia siku ambazo vitumbua vingelala bila kuuzwa. Alikaa miezi mitatu bila kutembea sawasawa. Katika takwimu za mwaka ule yeye hayumo, na kijana aliyemgonga hayumo, na kile kivuko kilichofutika rangi ambacho wote wawili walikuwa wakikitumia hakimo pia.

Tofauti baina ya daftari na hali halisi imewahi kukadiriwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu usalama barabarani, lilikadiria kwamba watu 16,252 walikufa kwa ajali za barabarani Tanzania mwaka 2016, ambao ni mara tano ya wale 3,256 wa polisi. Najua makadirio hayo hutokana na hesabu za kitaalamu, hayatokani na kuhesabu makaburi, na sipendekezi tuyachukue kama yalivyo na kuitupa hesabu ya polisi. Hata tukiyakata nusu, pengo linabaki kubwa mno. Sehemu ya pengo hilo inatokana na swali dogo ambalo sijawahi kuliona likiulizwa magazetini: majeruhi akifariki baada ya siku kumi akiwa wodini, anarudi kuandikwa na nani? Kipimo kinachotumika kimataifa ni siku 30 tangu ajali. Taarifa ya mwisho wa mwaka ingesema wazi kwamba inahesabu siku ngapi, na iwapo askari wa usalama barabarani hulinganisha daftari lao na la hospitali, msomaji angejua anasoma nini.

Hapo bado hatujagusa idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kwa hiyo mji umeongeza zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, pamoja na magari yao, bajaji zao na bodaboda zao, ambazo zilipata kanuni za kubeba abiria mwaka 2010 na leo ndizo zinazowafikisha watu mahali ambapo daladala haziingii. Ikiwa vifo vya mkoa vimebaki pale pale kwa muda huo, kwa kila watu laki moja vimepungua. Vikiongezeka kidogo, huenda bado ni nafuu. Tangazo la kwamba ajali zimepanda kwa asilimia nne, bila kutaja zimepanda katika watu wangapi na vyombo vingapi, humfanya kamanda mmoja alaumiwe bila kosa na mwingine asifiwe bila kazi.

Hata hivyo, Mhariri, hayo yote ningeyavumilia kama tungekuwa tunaelezwa mahali. Habari zinazotufikia huishia kwenye mikoa ya kipolisi: Ilala kadhaa, Kinondoni kadhaa, Temeke kadhaa. Lakini mtu hagongwi Temeke. Anagongwa kwenye kipande fulani cha Barabara ya Kilwa, saa fulani, akielekea upande fulani. Barabara ya Mandela, ambako malori ya kwenda bandarini hupita katikati ya watu wa Buguruni, ina hatari zake ambazo hazifanani na za Barabara ya Bagamoyo, wala hizo hazifanani na za Barabara ya Nyerere. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa mwaka 2018, na lile la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021. Yote mawili yalijengwa kupunguza foleni, na foleni ya magari yanayopita juu ilipungua kweli. Je, anayevuka kwa miguu chini yake amepata nafuu au gari sasa linamfikia likiwa na kasi kubwa zaidi? Sina nia ya kuyabeza madaraja hayo, ninayoyatumia kila wiki. Nasema tu kwamba takwimu za mkoa mzima haziwezi kulijibu swali hilo, wakati takwimu za makutano mawili, miaka mitatu kabla na miaka mitatu baada, zingelijibu kwa ukurasa mmoja.

Mahali panapokosekana, lawama yote humwangukia mtu. Salamu zile za mwaka mpya zilieleza kwamba karibu robo tatu ya ajali zilitokana na makosa ya kibinadamu, na sina sababu ya kubisha kwamba dereva aliyeendesha kwa kasi alikosea. Wasiwasi wangu ni kwamba neno uzembe likishaandikwa, jalada hufungwa. Dereva mzembe hupigwa faini au hufungwa, na kesho yake dereva mwingine hupita pale pale, kwa kasi ile ile, kwa sababu barabara pana iliyonyooka isiyo na tuta inamwalika kufanya hivyo, hata kama sheria inamtaka asizidi kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba mtu mzima akigongwa na gari lililo katika kilomita 50 kwa saa, uwezekano wake wa kufa hauzidi asilimia 20, na gari likiwa katika kilomita 80 uwezekano huo hukaribia asilimia 60. Uzembe wa dereva unaweza kuwa ule ule katika hali zote mbili, lakini matokeo yakawa bandeji kwa mmoja na sanda kwa mwingine.

Na anayevuka naye huitwa mzembe. Tazama Barabara ya Morogoro tangu mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016. Vituo viko katikati ya barabara, kwa hiyo kila abiria, bila kukosa, ni lazima avuke njia za magari wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Hilo si kosa lake, ndivyo ilivyojengwa. Pale Manzese kuna daraja la waenda kwa miguu ambalo vijana hulipanda bila shida, lakini mzee mwenye magoti kama yangu, au mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, hulitazama lile ngazi kwa ngazi kabla ya kuamua. Mtu wa namna hiyo akigongwa akiwa chini, fomu itaandika kwamba hakutumia kivuko.

Kwamba kujua mahali kunaokoa watu, ushahidi upo hapa hapa jijini. Shirika la Amend liliendesha mpango uitwao SARSAI katika shule za msingi za Dar es Salaam, likaweka njia za miguu, matuta, alama na vivuko karibu na malango ya shule, na kuwafundisha watoto namna ya kuvuka. Utafiti uliolinganisha maeneo ya shule zilizofanyiwa kazi hiyo na yale ambayo bado, kwa kuwauliza watu majumbani badala ya kutegemea madaftari ya polisi peke yake, ulionesha kwamba majeraha ya watoto yalipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulipewa Tuzo ya WRI Ross ya miji, ukishindana na miradi ya dunia nzima. Mambo yenyewe ni ya kawaida kabisa: zege kidogo, rangi, nguzo za kuzuia magari, na geti la shule kuhamishiwa uchochoro wa pembeni. Kilichokuwa cha pekee ni kwamba kabla ya kumwaga zege waliuliza kwanza watoto wanagongwa wapi.

Najua kwamba Polisi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa taarifa ndefu yenye majedwali mengi, na ninawapongeza waandaaji wake, kwa kuwa najua uchovu wa kazi hiyo. Ninachoomba ni jedwali moja zaidi kwa mkoa wetu: orodha ya vipande vya barabara na makutano ambako watu wamekufa au kujeruhiwa vibaya kwa miaka mitatu mfululizo, ikionesha wangapi walikuwa kwa miguu, wangapi juu ya pikipiki, ilikuwa mchana au usiku, na barabara hiyo iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Hiyo safu ya mwisho naitilia mkazo. Tangu TARURA ilipoanza kazi mwaka 2017, mwananchi anayetaka tuta mbele ya zahanati huweza kupigwa danadana kati ya ofisi mbili hadi achoke, na orodha yenye jina la mwenye barabara ingemwondolea safari hizo. Hospitali nazo, bila kutoa jina la mgonjwa yeyote, zingeweza kupeleka kila mwezi idadi ya majeruhi wa barabarani na eneo walikogongwa, na hapo mama muuza vitumbua angehesabiwa hata kama amemalizana na kijana wake.

Kwa upande wako, Mhariri, ombi langu ni la gharama ndogo. Kamanda atakapoita waandishi mwishoni mwa mwaka huu, mwandishi wako asiondoke na asilimia peke yake. Amuulize iwapo ajali zisizoua zimehesabiwa, aliyefariki wodini baada ya siku ngapi huingizwa, na ni makutano gani matano ya jiji yaliyoua watu wengi kuliko mengine. Majibu yakipatikana, yachapishwe pamoja na ramani, hata kama itabidi barua zetu sisi wazee zisubiri wiki ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam