Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mshahara Mmoja, Miji Mingi

Wanachama wenzangu,

Swali ambalo kamati imeulizwa kuliko yote mwaka huu, hasa na wale wanaosubiri kupangiwa vituo, ni wapi pana nafuu kwa daktari mwanagenzi (intern): Nairobi, Mombasa, Kisumu au kaunti za mbali? Mambo mengine ya chama yalikwenda vizuri na mweka hazina atayaeleza kwa tarakimu, kwa hiyo nafasi kubwa ya taarifa hii nawapa wanaouliza.

Tuanze na mshahara wenyewe. Mkataba wa 2017 kati ya serikali na chama cha kutetea madaktari, KMPDU, uliweka malipo ya mwanagenzi kuwa shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ilipotaka kuyashusha hadi 70,000, ikawa mojawapo ya sababu kuu za mgomo ulioanza tarehe 14 Machi 2024 na kudumu siku 56. Madaktari walirudi kazini, lakini suala la wanagenzi likabaki likining'inia hadi mwishoni mwa Desemba, serikali ilipokubali kulipa kiwango cha mkataba. KMPDU wasingeshikilia hapo, leo tungekuwa tunaulizana ni mji gani una njaa kidogo.

Sasa, 206,400 si pesa ya mfukoni. Kwa viwango vya 2025 hukatwa bima ya afya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 na akiba ya uzeeni ya NSSF 4,320, kisha kodi ya mapato (PAYE) inachukua chake. Kinachobaki ni kama 142,900, kabla ya ada za chama na mikopo. Ukifanya hesabu hiyo kwa 70,000 unabaki na kama 51,600. Kwa kiwango cha kwanza, mji hukuamulia utaishi kwa raha gani. Kwa cha pili, hukuamulia kama utaweza kuishi.

Chukua Nairobi. Tuseme umepata bedsita ya 20,000 karibu na hospitali. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi na amana, yaani 40,000 kabla hujanunua hata mtungi wa gesi. Mwenye 51,600 amebakiwa na 11,600 za chakula na matatu. Na hapo nimechukulia kwamba mshahara umeingia. Wapo wenzetu waliofanya kazi miezi kadhaa bila kuona senti, na caretaker hapokei barua ya wizara badala ya kodi. Kwangu mimi, kuchelewa kwa mshahara kunaumiza zaidi ya tofauti yoyote ya bei kati ya miji, na kunaumiza zaidi pale ambapo kila kitu, hata maji ya kuoga, kinanunuliwa.

Hilo linatuleta Mombasa. Mitaa mingi kodi ni nafuu kuliko Nairobi, na wengi huishia hapo kwenye hesabu zao. Lakini bomba likikauka, unaoga na kufua kwa maji ya chumvi ya kisima, na ya kunywa unanunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni. Feni haizimwi usiku, tokeni za umeme zinayeyuka. Mwenzetu mmoja alikodi Likoni kwa sababu ya bei. Kivuko ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini akitoka zamu ya usiku alikuwa akisubiri feri amesimama wima, koti mkononi, kwa kuwa akikaa tu analala. Kwenda kuwaona wazazi Nairobi kwa treni ya daraja la kawaida ni 1,500, kwenda tu.

Kaunti za mbali, kama kule Lodwar na Lamu, ni hadithi nyingine. Kodi ni ndogo kwa masikio, ila nyumba zenyewe ni chache, na nyanya imesafiri kwa lori au mashua kabla ya kufika kwenye sufuria yako. Hata hivyo, mwanagenzi aliyepewa chumba ndani ya ua wa hospitali huko anaweza kuweka akiba kuliko mwenzake wa Nairobi. Baadhi ya hospitali za misheni nazo hutoa makazi. Kwa hiyo anayeniuliza mji, namuuliza kwanza kama kituo kina nyumba.

Marupurupu ya nyumba katika utumishi wa umma hupangwa kwa makundi ya miji, Nairobi ikiwa juu, miji mikubwa ikifuata, kisha kwingineko. Kwa kodi pekee, mpango huo una mantiki. Hausemi lolote kuhusu maji, wala umbali wa nyumbani, wala teksi ya saa nane usiku ukiitwa theatre. (Gharama za wadogo zetu shuleni sizihesabu hapa. Hizo humfuata daktari kokote atakakopangiwa.)

Kutokana na hayo, kamati inaleta hoja mbili kwenye mkutano mkuu. Ya kwanza ni kuanzisha mfuko wa kukopesha amana ya nyumba, bila riba, urejeshwe baada ya mshahara wa kwanza kuingia na si kwa tarehe ya kalenda. Ya pili ni kuiandikia Wizara ya Afya ili orodha ya vituo ionyeshe ni vipi vina makazi kabla watu hawajachagua. Mweka hazina anapinga ya kwanza akihofia wasiolipa, na atapewa muda wa kujieleza. Rasimu zote mbili ziko kwa katibu. Zisomeni mapema, maana kura itapigwa siku hiyo hiyo.

Mwenyekiti