Barua kwa mpwa wangu anayetaka kuishi kwa dramu za jazi

Mpwa wangu,

Umeniuliza ufanye mazoezi gani upate kasi ya mpiga dramu Tony Williams. Yule aliingia bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17, na mkono wake wa kulia msikilize kila siku, sikukatazi. Ila kama unataka kazi hii ikulishe, anza na swali jingine: unaweza kupiga chini kiasi gani bila mdundo kulegea? Wanaokuita mara ya pili ni mpiga besi na mpiga piano, nao hawamrudii mtu aliyewafunika usiku kucha.

Kwa hiyo anza na simbali ya raidi, ile sahani kubwa ya chuma unayoigonga kwa mkono wa kulia. Zamani mdundo ulibebwa na dramu ya besi, ile kubwa ya mguu wa kulia, na haihati, simbali mbili zinazofungwa kwa mguu wa kushoto. Mpiga dramu Kenny Clarke na wenzake, kuingia miaka ya 1940, wakauhamishia kwenye raidi, mguu wa kulia ukapata nafasi ya kutia mikazo. Tangu hapo raidi ndiyo saa ya bendi. Hesabu moja, mbili, tatu, nne: tin, tin-ki, tin, tin-ki. Hiyo "ki" ni kigongo kidogo kinachofuata pigo la mbili na la nne. Mguu wa kushoto unafunga haihati kwenye mbili na nne. Dramu ya besi unaigusa kila pigo, kwa wepesi ambao mpiga besi anauhisi na wasikilizaji hawausikii.

Kosa la wengi ni kuiweka "ki" pale pale kwa mwendo wowote. Mwendo wa wastani inakaa theluthi ya mwisho ya pigo. Ukifika mapigo 300 kwa dakika inasogea karibu na katikati. Ukiing'ang'aniza theluthi kwenye kasi hiyo, kiganja kinakakamaa na bendi nzima inaanza kuvutwa nyuma.

Metronomu, kile kifaa cha kulia kwa mwendo uliopangwa, usiiweke ikubebe. Kwa mwendo wa 120, iweke kwenye 60 na uhesabu milio yake kuwa ni pigo la mbili na la nne. Ukizoea, ishushe hadi 30, mlio mmoja tu, pigo la nne. Hapo ndipo utajua unakimbia au unachelewa, maana nafasi iliyobaki ni ya kwako peke yako.

Brashi, zile fagio za waya za kupigia, ni nusu ya ajira, na vijana wanaziacha hadi siku ya aibu. Ngozi ya snea, ile dramu ndogo ya katikati ya magoti, lazima iwe ile iliyopakwa rangi nyeupe ya kukwaruza. Ngozi laini haitoi sauti ukiifagia. Mkono wa kushoto unazungusha duara lisilokatika, wa kulia unapiga mdundo wa raidi juu yake. Sauti ikianza kupotea usiongeze nguvu. Tazama ngozi: pale katikati rangi imeshachubuka, ibadilishe. Waya mmoja wa brashi uliopinda nao unakwaruza kama ukucha. Ukate.

Seti ya kawaida ni dramu ya besi ya inchi 18, tomu ya 12, tomu ya chini ya 14, snea ya 14, haihati za 14 na raidi ya 20 au 22. Ile 18 haipendwi tu kwa sababu inaingia kwenye gari dogo: ukiikaza juu inaimba, haigombani na besi. Unapokaza ngozi, nenda kwa skrubu zinazotazamana, robo mzunguko kila moja, kisha gonga sentimita 2 au 3 kutoka ukingoni mbele ya kila skrubu hadi zote zitoe sauti moja. Ngozi ya chini itoe sauti ya juu kidogo kuliko ile ya kugonga. Blanketi ndani ya dramu liache. Hiyo ni dawa ya mtu asiyetaka kukaza.

Ukumbi ukisema una dramu, beba bado raidi, haihati, snea, pedali na zulia, la sivyo dramu ya besi itakukimbia jukwaani. Beba pia vibomba vya plastiki vya stendi. Kikikosekana kimoja, chuma kinakula tundu la simbali, na ufa unaanzia hapo.

Ukipewa solo, imba wimbo kichwani. Nyimbo nyingi zina vipimo 32, kila kipimo mapigo manne, kwa sehemu nne za A-A-B-A, nane nane. Bluzi ina 12. Mkipokezana solo za vipimo vinne vinne, cha nne chako kiwaonyeshe wenzako "moja" iko wapi. Mpiga dramu akipotea kwenye solo yake, bendi nzima inarudi kila mtu na mlango wake.

Muziki wa kubuni papo kwa papo ni shule nyingine. Msikilize mpiga dramu Sunny Murray akiwa na mpiga saksafoni Albert Ayler mwaka 1964: hakuna mdundo wa kuhesabu, kuna wimbi. Msikilize mpiga dramu Louis Moholo, aliyeondoka Afrika Kusini na bendi ya Blue Notes mwaka huo huo, akibeba mdundo na wimbi pamoja. Ugonjwa wa wageni huko ni kumjibu kila mtu. Kila kinapotokea kitu una njia tatu: kukisindikiza, kukipinga, kunyamaza. Hii ya tatu haitumiki vya kutosha. Ukitaka kupitisha upinde ukingoni mwa simbali, upake ule utomvu mkavu wa wapiga fidla na uishike simbali kwa mkono mwingine. Bila utomvu, au simbali ikiwa na mafuta ya vidole, upinde unateleza bila sauti.

Masikio: kwenye desibeli 85 una muda wa saa nane kwa siku kabla ya kuyahatarisha, 88 ni saa nne, 91 saa mbili. Nunua vizibo vya kupunguza sauti sawasawa, si vya sponji vinavyoua simbali ukaishia kupiga kwa nguvu zaidi.

Fedha. Kabla ya kukubali, andikiana na kiongozi: saa ya kufika, awamu ngapi za kupiga, malipo, nauli, nani analeta dramu. Ukitaka kutuma mtu badala yako, kiongozi ajue kwanza. Mdundo wako kwenye wimbo wa mwingine kwa kawaida hauhesabiwi utunzi, ndiyo maana utunge na wewe. Mpiga dramu Paul Motian, aliyekuwa kwenye bendi ya watu watatu ya mpiga piano Bill Evans kuanzia 1959, aliishia kuongoza bendi zake na nyimbo zake mwenyewe. Rekodi ya kubuni pamoja ni ya wote. Mgawanyo uandikwe kabla haijatoka.

Jumamosi njoo na raidi na brashi tu, dramu zipo. Ila ufunguo wa kukazia uje nao.

Mjomba wako