Aliyeacha kibarua si mvivu

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa kumpa kila mtu mzima fedha za mwezi bila masharti, wapo wanaoumaliza kwa neno moja: uvivu. Watu watalala tu, wanasema. Mimi ni mzaliwa wa Siaya, magharibi mwa Kenya, na jambo hili kwetu si la kukisia.

Shirika la misaada la GiveDirectly lilipeleka fedha hizo katika vijiji vya Siaya na Bomet kwa M-Pesa, kama Sh2,250 kwa mwezi kwa kila mtu mzima, awe na ng'ombe kumi au asiwe na hata kuku. Vijiji 44 viliahidiwa miaka 12, vijiji 80 miaka miwili, na 71 vikapewa kitita cha mara moja. Wachumi waliofuatilia, wakiwemo Tavneet Suri na Abhijit Banerjee, walitoa matokeo mwaka 2023. Kazi haikupungua. Kilichotokea ni kwamba watu waliacha vibarua wakaingia katika biashara zao wenyewe.

Hapo ndipo lawama inapozaliwa, nami nimeiona ikizaliwa. Shangazi yangu alipalilia mashamba ya watu miaka nenda miaka rudi, na siku asipoitwa, jiko halikuwaka. Alipoanza kupata fedha zile alijiunga na chama, kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, na zamu yake ilipofika akanunua omena za kuuza sokoni. Siku hizi anaamka saa kumi alfajiri kuwahi mashua zikirudi. Hata wakati wa palizi hakuwahi kuamka mapema hivyo! Lakini wa kwanza kusema kwamba fedha zimemharibu alikuwa mwenye shamba aliyezoea kumwita. Alikosa mkono wa bei rahisi, akauita uvivu.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Waliohakikishiwa miaka miwili tu hawakuanzisha biashara nyingi kama wale wa miaka 12, ingawa kila mwezi walipokea kiasi kilekile. Mimi naelewa kwa nini. Anayejua kwamba mwaka kesho simu italia tena anathubutu kuahidi mchango wa chama, na chama ndicho kinachogeuza vijisenti vya mwezi kuwa mtaji.

Ndiyo maana naumia nikitazama Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wazee na wengine wasiojiweza. Mzee aliyetimiza miaka 70 anastahili Sh2,000 kila mwezi, lakini mara nyingi hupita miezi bila kitu, kisha malimbikizo yanaletwa kwa mkupuo. Hadi hapo ameshakopa unga dukani, na fedha zote zinaishia kwa mwenye duka. Mzee huyu ataingiaje kwenye chama?

Naiomba serikali itangaze tarehe moja ya malipo kila mwezi na kuishika, hata kama kiwango chenyewe hakitaongezwa mwaka huu.

Msomaji wako,
Siaya