Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Safari ya Pomona

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya safari za magari,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka huu unaomalizika. Mambo ya fedha yamo kwenye taarifa ya mweka hazina, ambayo kamati imeipitisha, kwa hiyo sitayarudia. Kuhusu uanachama, itoshe kusema tumepata wapya, na wengi wao wameshapitia mafunzo ya kuendesha kwenye mchanga. Nafasi iliyobaki nitaitumia kueleza jambo lililobeba mwaka wetu: safari ya kusini mwa Namibia, kwenye miji iliyohamwa ya wachimba almasi.

Mnakumbuka mjadala wa mkutano uliopita. Baadhi yenu mlitaka tuendelee na safari fupi nyingi. Kamati ikashauri tuweke nguvu kwenye safari moja kubwa iliyoandaliwa barabara. Kura zikaamua. Leo nasema bila kusita kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Kule si mahali pa kujiendea tu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilifunga ukanda wote wa pwani, kuanzia latitudo ya 26 kusini hadi Mto Orange, upana wa kilometa 100 kuelekea bara, ukaitwa Sperrgebiet, yaani eneo lililopigwa marufuku. Tangu 2008 eneo hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Tsau //Khaeb, lakini sehemu kubwa bado huingii bila kibali na mwongozo aliyeidhinishwa, na kuokota jiwe la almasi ni kosa la jinai. Katibu wetu alianza kudai nakala za pasi mapema mno, wengine wakanung'unika. Siku ya kuingia, kila jina lilikuwa kwenye orodha getini. Namshukuru sana kwa ukali wake.

Kabla ya kugusa mchanga, mwongozo alisimamisha msafara na madereva wote wakashuka, geji mkononi, kupunguza upepo wa matairi hadi karibu PSI 16 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Tairi lililolegea hutanuka likaukanyaga mchanga, lililojaa huuchimba. Kwenye kilima kimoja gari la mwanachama mpya lilinasa katikati ya mwinuko. Akaondoa mguu kwenye mafuta papo hapo, hakulilazimisha. Wenzake wakaja na masepetu, wakafukua nyuma ya magurudumu, akarudi kinyumenyume kwenye njia yake mwenyewe, kisha akapanda tena kwa mwendo wa kutosha bila kubadilisha gia njiani. Kamba ya kuvutia haikutoka kwenye mfuko wake. Nimeliandika tukio hili kwa kirefu kwa sababu ndilo jibu langu kwa wanaouliza mafunzo ya awali yana faida gani.

Tulianzia Kolmanskop, karibu na bandari ya Lüderitz, ambako hata gari dogo hufika. Mji huo ulikuwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, ukumbi wa starehe na kiwanda cha barafu, katikati ya jangwa lisilo na maji. Almasi nono zaidi zilipopatikana kusini, karibu na mdomo wa Mto Orange, mnamo 1928, watu wakaanza kuhama. Wa mwisho waliondoka 1956. Sasa mchanga umeingia kwa milango na madirisha, ukapanda hadi nusu ya kuta, na rangi za vyumba bado zinaonekana juu yake.

Lakini Pomona, mji mwingine uliohamwa, ndiyo iliyotunyamazisha. Ni mbali zaidi, wageni ni wachache, na upepo haupumziki. Mbao za majengo zimeparuliwa na mchanga mpaka sehemu laini za ubao zimeliwa na nyuzi ngumu zimebaki zimesimama, unazihesabu kwa kidole. Karibu na hapo ni bonde la Idatal, lililopewa jina la Ida, mke wa August Stauch, msimamizi wa reli wa Kijerumani, ambako almasi zilikuwa juu ya ardhi, hazihitaji shimo. Vibarua walitambaa kwa magoti wakiziokota.

Hapo mwongozo alitusimulia habari za Zacharias Lewala, na naomba kila mwanachama alijue jina hili. Alikuwa kibarua wa reli aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya almasi ya Kimberley, Afrika Kusini. Mwezi Aprili 1908, akifukua mchanga uliofunika reli karibu na stesheni ya Grasplatz, aliona jiwe, akalitambua, akampelekea bosi wake, ambaye ndiye huyo Stauch. Stauch akawa tajiri mkubwa; Lewala hakupata fungu katika utajiri huo. Majumba tuliyoyapiga picha yalitokana na jicho lake na jasho la vibarua, wengi wao Waovambo waliotoka kaskazini kwa mikataba. Sikupenda kwamba wengi wetu tulifika pale bila kulijua hilo. Tulikuwa na ujuzi wote wa matairi, lakini habari za waliopajenga tulizipata tukiwa tumeshafika.

Tulitoka na takataka zetu zote, na nyingine tulizozikuta. Hakuna aliyebeba msumari wala kipande cha chupa. Mwongozo alikagua mwenyewe na akaridhika.

Kamati inaleta mapendekezo matatu kwenye mkutano mkuu. Kwanza, asiyewasilisha nyaraka zake ndani ya muda uliotangazwa aachwe, bila rufaa. Pili, hakuna dereva atakayeingia kwenye safari kubwa kabla ya kumaliza mafunzo ya mchanga, hata awe mwanachama wa siku nyingi. Tatu, kila safari itanguliwe na kikao cha jioni kimoja kuhusu historia ya mahali tunapokwenda na watu waliofanya kazi huko. Nimejitolea kukiandaa cha kwanza mwenyewe.

Fomu za kugombea nafasi ya mratibu wa safari ziko kwa katibu. Aliyeishika mpaka sasa anapumzika kwa hiari yake, na naomba mkutano umpe shukrani rasmi kabla ya uchaguzi kuanza.