Barua ya wazi kwa vijana wa filamu za kutisha Kisumu: wekeni pesa pasipoonekana

Wanangu mnaoshika kamera Kondele, Nyalenda, Manyatta na kote huko hadi Ahero,

Hamjambo? Filamu zenu nimezitazama, ile mliyoonyesha ukumbini na zile mnazorushiana kwa simu. Nyingi ni za kutisha, chache za mapigano, na moja ya viumbe wa sayari nyingine walioshuka Mamboleo. Wazee wenzangu wanasema huo ni upuuzi, heri mngetengeneza filamu za kufunza jamii. Mimi siko upande wao. Mtoto wa Kisumu amekulia kwenye vibanda vya video, akimsikiliza DJ Afro akisimulia mapigano ya watu wa mbali kwa Kiswahili cha mtaani, na kanuni za filamu hizo anazijua kuliko mhadhiri. Hadhira mnayo. Ninalotaka kusema ni kuhusu pesa, hasa kwa kuwa hamna.

Kila nikiketi nanyi hadithi ni kamera. Kamera fulani imetoka, lenzi fulani inakodishwa Nairobi, fulani ana droni ya kupiga ziwa kutoka juu. (Droni, kwa taarifa yenu, inataka idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na uwanja wetu wa ndege hauko mbali na mji.) Mkichanga elfu ishirini, karibu zote zinaishia kwenye kitu cha kuonekana. Ushauri wangu ni mmoja tu: hizo pesa kidogo ziwekeni pasipoonekana.

Anzeni na sauti. Mchukueni huyo mkimbiaji wa usiku, mtu anayesemekana kuzunguka maboma gizani akitisha waliolala, ambaye kila kikundi kina filamu yake. Nani kati yenu amewahi kumwona? Sisi tuliolelewa kijijini tulimsikia. Umelala, koroboi imezimwa, changarawe inatua juu ya mabati, inabingirika hadi ukingoni, inadondoka. Kimya. Mbuzi wanaacha kutafuna. Halafu kitu kinajisugua mlangoni, taratibu, na baba anakohoa kwa makusudi ili kijulishwe kuwa ndani kuna mwanamume. Basi. Huyo ni kiumbe ambaye nyanya zetu walimuumba kwa sauti tupu, nanyi mmemsimamisha mbele ya taa dakika ya pili, amevaa barakoa ya dukani! Ukumbi uliangua kicheko, na mwigizaji hakuwa na kosa lolote. Mngempa mtazamaji mabati, mlango na uso wa mama anayesikiliza, barakoa msingeinunua kabisa.

Hata Simbi Nyaima, lile ziwa la kule karibu na Kendu Bay linalosemekana kumeza kijiji, mnalihangaikia bure. Mmoja wenu aliniuliza kompyuta gani inaweza kuchora maji yakimeza kijiji. Ya nini? Hadithi yenyewe ni bibi kizee anayebisha usiku wa pombe na ngoma, akafukuzwa, na mwanamke mmoja tu akamkaribisha. Nipeni huyo bibi mlangoni, vicheko vya ndani, na mvua inayozidi kupamba moto. Asubuhi nionyesheni ziwa. Lipo tayari, halidai malipo.

Lakini sauti nzuri haiji kwa maombi. Maikrofoni iliyo juu ya kamera inaokota kila kitu isipokuwa maneno ya mwigizaji. Kodisheni maikrofoni ya kubana shatini, na nyingine ya kushikwa kwa mti karibu na kichwa cha anayesema, na mtafute mtu ambaye kazi yake siku nzima ni kuvaa vipokea sauti na kununa. Mtu huyo awe na mamlaka ya kusimamisha kazi boda boda ikipita. Mazungumzo ya ndani yapigeni asubuhi, kwa sababu mvua yetu hupenda alasiri, na mvua ikipiga mabati hata Mungu hasikii mnachosema. Tandikeni magodoro na mablanketi ukutani, pale kamera haifiki. Zimeni friji, na funguo za gari au za nyumba ziacheni ndani yake, ndipo hamtaondoka bila kuiwasha tena na kumharibia mwenye nyumba samaki wake. Mkimaliza kila chumba, watu wote wanyamaze nusu dakika mrekodi ukimya wa chumba hicho. Mhariri wenu atawashukuru.

Kuhusu taa sina mengi. Jua letu la ikweta huzama haraka, giza likishaingia limeingia, kwa hiyo atakayechelewa kufika Dunga, ufuoni mwa ziwa, kwa picha za machweo arudi kesho. Na tukiwa bado Dunga: viboko hutoka majini usiku kulisha. Kiboko hajui mwongozaji akisema kata. Mashua isitoke bila majaketi ya kuokolea, hata kama yanaharibu picha, na panga la mapigano liwe la mbao.

Lipo jambo lingine lisiloonekana ambalo linanikosesha usingizi kuliko viboko. Mnamtoa kijana wa watu saa sita za usiku, nusu uchi, amepakwa majivu, akimbie kati ya maboma huku kamera imejificha kwenye mahindi. Mwenye boma anaona nini? Haoni filamu. Anaona mchawi, na majirani wakiitwa wanakuja na marungu. Kabla ya usiku huo, mwoneni chifu, mzee wa mtaa na watu wa Nyumba Kumi, piteni kila boma mchana na huyo mwigizaji ili wamjue sura, na polisi wa karibu wawe na barua yenu. Nauli ya mizunguko hiyo haitaonekana kwenye filamu. Ndiyo nauli muhimu kuliko zote.

Halafu karatasi. Najua mnaguna. Mnafanya kazi kwa urafiki, hakuna anayelipwa, mnasema tutagawana ikiuzwa. Sawa. Andikeni basi mtagawana vipi, ukurasa mmoja, kila mtu atie sahihi kabla ya siku ya kwanza, akiwemo mwenye nyumba na yule mpiga nyatiti mliyemrekodi harusini bila kumwambia. Mwaka 1967 huko Pennsylvania, Marekani, marafiki kumi walichanga dola 600 kila mmoja kuanzisha filamu ya maiti wanaotembea, na mwongozaji wao alikuwa George Romero. Night of the Living Dead ilizunguka dunia. Ila wasambazaji walipobadilisha jina lake la kwanza, ule mstari mdogo wa kutangaza hakimiliki uliachwa nje, na kwa sheria ya Marekani ya wakati huo filamu ikawa ya kila mtu. Wengine wamechuma kwayo tangu siku hiyo bila kuwaomba wenyewe ruhusa. Sheria ya kwetu si kali hivyo. Kazi yenu inalindwa hata bila mstari huo, na kwa filamu ulinzi ni wa miaka 50. Lakini mkigombana wenyewe kwa wenyewe mtahitaji ushahidi, kwa hiyo sajilini kazi kwa bodi ya hakimiliki, KECOBO. Kabla ya kuonyesha hadharani, ipelekeni kwa bodi ya uainishaji, KFCB, iwekewe umri wa watazamaji. Sheria inayoisimamia ni ya tangu 1962, na mimi nina ugomvi wangu mrefu nayo, lakini ukumbi ukifungwa mlangoni watu wakiwa wamelipa kiingilio, ugomvi wangu hautawarudishia pesa.

Chakula nisiseme sana. Mtu asiyelipwa alishwe, tena ugali na samaki, si mandazi na soda saa tisa.

Ninyi waigizaji, neno dogo. Sisi wa jukwaani tulipaza sauti ili mtu wa kiti cha mwisho asikie, na naona mnatuiga. Kamera iko karibu nawe kuliko mumeo. Ukiogopa, usipige mayowe kila mara. Shika shuka, acha kumeza mate, sahau ulichokuwa ukisema. Mayowe yawe moja katika filamu nzima, na mtu wa sauti aambiwe mapema, masikio yake ni yake.

Na mimi bado naigiza. Huyo bibi kizee wa Simbi namtaka, nimewaambia waziwazi kabla hamjampa binti wa miaka ishirini mkampaka unga kichwani. Masharti yangu ni nauli, makubaliano yaliyotiwa sahihi, na kazi iishe kabla ya saa nne za usiku kwa ajili ya magoti. Muswada ukiwa tayari nileteeni uliochapishwa kwa herufi kubwa.

Ni mimi nyanya yenu wa jukwaani,
Milimani, Kisumu