Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawakaribisha Dodoma, hasa ninyi mliotoka Singida na Kondoa. Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina. Mimi naomba niseme zaidi kuhusu kazi iliyotukutanisha, yaani utafiti wa ubunifu na ujasiriamali.

Mwezi Oktoba Tuzo ya Nobel ya uchumi ilikwenda kwa Joel Mokyr, Philippe Aghion na Peter Howitt, kwa kueleza jinsi ubunifu unavyokuza uchumi. Kwetu sisi tunaoulizwa kila mara utafiti wa aina hii una faida gani, ilikuwa habari njema. Hata hivyo, mjadala uliotushika mwaka huu ulikuwa wa swali jingine: ubunifu ukishafanikiwa, faida inaishia mikononi mwa nani?

Mwanauchumi David Teece alilishughulikia swali hilo mwaka 1986. Mfano wake mmoja ni kampuni ya EMI ya Uingereza, iliyotengeneza mashine ya kwanza ya CT scan, yaani ya kupiga picha za ndani ya mwili. Mhandisi wake, Godfrey Hounsfield, alipata Nobel ya tiba mwaka 1979. Lakini kabla miaka kumi haijapita tangu mashine iingie sokoni, EMI ilikuwa ikijiondoa kwenye biashara hiyo, na General Electric ya Marekani imeshika uongozi. Kilichoipa nguvu General Electric ni mtandao wa mauzo, mafundi wa huduma na mahusiano ya miaka mingi na hospitali. Kubuni peke yake hakukutosha.

Wenzetu wanaofuatilia zao la zabibu waliipeleka hoja hiyo Hombolo na Mpunguzi, na huko ndiko ilikonikaa akilini. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, fursa ambayo wakulima wa Ulaya hawana. Kituo cha utafiti cha Makutupora kinashughulikia aina bora na miche. Ila tunda likishaiva halisubiri. Mwenye mashine ya kukamua, matenki ya kuhifadhia mchuzi wa zabibu, chupa na leseni ndiye mwenye sauti kwenye bei. Mkulima aliyeongeza mavuno kwa mche bora anaweza kujikuta ameongeza mzigo wa kuuza harakaharaka kwa bei atakayopewa. Nawasihi watafiti wenzangu, tusipime ubunifu kwa kuhesabu waliopokea teknolojia tu. Tuulize pia nani ana tenki.

Jambo la pili ni mafunzo ya ujasiriamali, ambayo wengi wetu tunayafundisha. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Togo, ambako wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliofundishwa kujituma, kutafuta fursa wenyewe na kutokata tamaa waliongeza faida kwa asilimia 30. Waliopewa mafunzo ya kawaida ya uhasibu na masoko hawakuonyesha ongezeko linalothibitika kitakwimu. Sisemi tuyabebe matokeo hayo yalivyo. Lomé, mji lilikofanyika jaribio hilo, ni mji wa bandari; hapa mvua ni ya msimu mmoja, na fedha za mteja hutegemea mavuno au mshahara wa mwisho wa mwezi. Ndiyo maana jaribio kama hilo lifanyike hapa Kanda ya Kati, nasi tuwe tayari kubadili mitaala yetu likituonyesha hivyo.

Lipo linaloniuma. Wafanyabiashara wa soko la mahindi Kibaigwa na wenye mashine za kukamua alizeti wameacha shughuli zao wakajaza madodoso yetu na ya wanafunzi wetu. Wengi hawakurudishiwa jibu lolote. Tumechukua muda wao, tumepata shahada na kupandishwa vyeo, wao wakabaki kama tulivyowakuta. Haki hiyo lazima tuilipe.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza kwamba kila utafiti unaobeba jina la chama uwe na muhtasari wa Kiswahili usiozidi kurasa mbili, na usomwe mbele ya waliohojiwa kabla makala haijapelekwa kwenye jarida. Gharama za safari hizo zitoke kwenye ada, ambazo tunapendekeza zibaki kama zilivyo.

Pendekezo hili litajadiliwa na kupigiwa kura kabla ya chakula cha mchana. Uchaguzi wa wajumbe wa Kamati utafuata mchana.

Mwenyekiti