Barua kwa Furaha kabla hajavuka mto Ruzizi

Furaha, mama wangu,

Karatasi uliyoniachia mezani, ya ile protini ya dawa mnayotengeneza kwa bakteria, nimeisoma mara tatu, mbili kwa miwani ya mama yako maana yangu imevunjika mkono. Miaka 31 ya kuchoma watu sindano haikunitosha kuielewa yote. Nimeelewa kiasi cha kukosa usingizi.

Kumfanyisha bakteria kazi ya kutengeneza dawa, hilo halinitishi. Insulini ya mama yako ndiko ilikotoka: 1978 waliitengeneza kwa bakteria aitwaye E. coli, na 1982 Marekani ikaruhusu iuzwe. Lakini insulini inabisha hodi. Inasimama mlangoni pa seli, inapokelewa, ndipo sukari inaingia. Protini yenu inaingia yenyewe. Mmeibandika kile kipande cha asidi amino 11 cha protini Tat ya virusi vya ukimwi, kimejaa arginini, na utando wa seli haukizuii. (Kipande peke yake hakimwambukizi mtu. Nimemweleza mama yako, akaelewa, kisha akanikataza nisikitaje kanisani.) Tena mnampa bakteria huyo huyo kimeng'enya cha kuiwasha, kwa kuwa yeye hana, ili protini itoke imeshawaka. Haisubiri amri ya seli.

Nani ataizima?

Nilikuuliza Jumapili, ukacheka: "Papa, seli yenyewe itaivunjavunja." Sawa, itaivunja. Baada ya saa ngapi? Na kipande hicho hakichagui nyumba: ini, figo, popote kinapita. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kufundishwa habari za anayeingia kwa watu bila hodi, naye amewaka tayari.

Utasema ni woga wa uzee. Basi sikia. Ule mwaka ulipokuwa Bujumbura nikakuandikia kwamba mama yako "amechoka kidogo", hakuchoka. Sindano zake ziliisha dukani, nikapata za alama 40 kwa mililita, na chupa ni ya yuniti 100 kwa mililita. Nikavuta mpaka 10 kama siku zote. Hesabu unaiweza: yuniti 25 badala ya 10. Saa nane usiku alikuwa amelowa jasho, ananiita kwa jina la kaka yake marehemu. Nikampaka sukari ndani ya shavu kwa kidole, ikanata hadi kwenye mto, nikapaka tena, mpaka akaniuliza mbona namchezea mdomo. Yeye mwenyewe hajui hadi leo, na usimwambie.

Insulini ina dawa yake, iko jikoni kwenye kopo la maziwa. Ya kwenu iko kopo gani?

Sikurudishi nyuma. Kadutu nzima inajua unaenda Ubelgiji, na aliyeitangazia ni mimi. Ila ulivyomjibu profesa wako kwenye simu, "ndiyo, ndiyo, ndiyo", kama mtu anayenunua kitenge asichokikunjua, hapana. Sikukusomesha kwa kuitikia. Muulize swali langu, useme ni lako.

Na ile sumu ya ukuta wa bakteria, uliyosema hata ukichemsha inabaki na kuleta homa: ioshe, hata wakikuharakisha.

Umeme umekatika tangu juzi. Insulini tumeirudisha kwenye mtungi wa mchanga uliolowa, na Amani ndiye anaumwagia maji, akikumbuka. Minerval yake, ada ya shule, nimelipa nusu. Makala ya kupikia yamepanda bei, mama yako anapika sombe mara moja anaipasha siku mbili. Samaki wale wadogo, sambaza, alizokukaushia usizigawe zote kwa wenzako wa safari, nakujua.

Ufunguo wa kabati lako hauonekani. Amani anataka madaftari ya kemia, nami sitaki kuvunja mlango. Kama umo kwenye mkoba wako, uache kwa shangazi kesho kutwa kabla ya kuvuka. Ukifika Kigali piga namba ya mama yako, ya kwangu haina chaji. Na kama umeshapata jibu la swali langu, mwambie anipe simu.

Papa yako